Mpigapicha wa habari za televisheni Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimebeba kamera ya habari hapa Mwanza miaka mingi sasa, na haipiti wiki bila kijana kunisimamisha njiani, stendi ya kamera ikiwa begani, aniulize kazi hii ikoje. Maswali mengi ni yale yale. Nimeyakusanya hapa na majibu ninayoyatoa, kwa ajili ya anayetaka kuingia kwenye kazi hii, na pia kwa mwananchi anayetuona tumesimama mbele ya msiba wake au sherehe yake na hajui tunatafuta nini.

Siku yako inaanza saa ngapi?

Inaanza usiku wa jana. Kabla sijalala, betri tatu ziwe zimeshaingia kwenye chaja, kadi mbili za kuhifadhia picha ziwe tupu, na picha zilizokuwamo ziwe zimehifadhiwa sehemu mbili tofauti. Umeme hauagi unapoondoka, kwa hiyo nachaji nikifika tu nyumbani, sisubiri wakati wa kulala.

Saa 11 alfajiri niko macho. Kukiwa na habari ya samaki, saa 12 na robo nimeshafika mwaloni Kirumba, soko la samaki la ufukweni. Jua la Mwanza huchomoza karibu saa 12 na dakika 40, na nusu saa ile ya kwanza ina mwanga ambao hautaupata tena mpaka jioni. Unakuja wa pembeni, laini, na kila kitu kinaonekana kina umbo: magamba, kamba, mishipa ya mkono wa mbebaji. Maboti ya visiwani yanashusha magunia ya dagaa, wapagazi wanapokezana, akina mama wanagombea bei. Kuna mama mmoja nilimkuta anashona midomo ya magunia kwa sindano ndefu kama kidole. Nilimsalimia, nikamwomba, akakubali. Nilianza na sindano ikizama kwenye gunia, nikaja kwenye vidole, uso wake nikauchukua mwisho. Mtazamaji aliyekaa nyumbani anataka kwanza kujua mtu huyu anafanya nini, kisha ndipo amtazame ni nani.

Siku nzima inakwendaje?

Nikupe siku moja ya masika, maana hakuna siku inayofanana na nyingine.

Saa 2 asubuhi ni kikao cha chumba cha habari. Mhariri anagawa kazi, kila ripota anaeleza alichonacho. Nilipangiwa semina hotelini. Gari ni moja na timu ni tatu, hivyo dereva anatushusha mmoja mmoja kama daladala. Semina ilikuwa ianze saa 3. Mgeni rasmi akafika saa 5. Muda huo sikukaa. Nilipiga ukumbi ukiwa nusu tupu, watu wakijiandikisha mlangoni, bango, mikono ikiandika. Picha hizo ndizo mhariri wa picha atakazozitumia kufunika sehemu ambazo hotuba imekatwa. Usipokuwa nazo, mgeni rasmi ataonekana akiruka kutoka sentensi moja hadi nyingine kama mtu aliyeshtuliwa.

Saa 6 na nusu simu ikaita. Mvua ya asubuhi ilikuwa imejaza Mto Mirongo na maji yameingia kwenye nyumba Mabatini. Nikamwambia ripota, dada, hotuba tunayo, twende. Tukachukua bodaboda mbili. Kamera niliipakata kifuani, imevikwa koti langu la mvua, mimi mwenyewe nikaloa.

Tulipofika maji yalikuwa yameanza kupungua. Ukutani kulikuwa na mstari wa tope juu kidogo ya goti langu. Godoro lilikuwa limepandishwa juu ya bati. Ndani, baba mmoja alikuwa anachota maji kwa sufuria na kuyamwaga nje kupitia dirisha, hasemi na mtu. Nilimpa pole, nikamweleza tunatoka wapi, nikamwuliza kama naweza kurekodi. Akanitikisia kichwa bila kuacha kuchota. Nikaishusha kamera mpaka usawa wa maji, nikaitulia ile sufuria ikiingia na kutoka, ikiingia na kutoka, na ule mkwaruzo wa chuma kwenye sakafu ya saruji. Sikuigusa kamera kwa karibu nusu dakika.

Saa 9 tulikuwa ofisini. Picha zinamwagwa kwenye kompyuta, ripota anaandika skripti, mhariri anaipitia, sauti inasomwa, mhariri wa picha anaanza kukata. Mimi nakaa pembeni yake dakika kumi za kwanza kumwonyesha nilipoweka kitu kizuri, maana anaweza kuwa na dakika 40 za kutazama na muda hana. Saa 12 jioni habari inatakiwa iwe imekamilika. Saa 2 usiku taarifa ya habari ikaanza. Semina ilipata sekunde 40. Mabatini ilipata dakika mbili, na ilifunguliwa na mkwaruzo wa sufuria kabla ripota hajasema neno lolote.

Unabeba vitu gani?

Kamera, betri tatu, kadi mbili au tatu, stendi, maiki ya mkononi yenye nembo ya kituo, maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, kebo ya akiba, hedifoni, taa ndogo, karatasi nyeupe, kitambaa cha kufutia lenzi, na chupa ya maji ya kunywa. Waliotutangulia walibeba begani kamera za Betacam za karibu kilo 7 na mikanda juu yake. Za leo nyingi hazifiki nusu ya hapo.

Kitu ambacho vijana hukiacha ofisini ni stendi, kwa sababu ni nzito na inachosha. Nawasihi wasiiache. Mahojiano ya dakika tano kwa mkono mtupu yatatikisika, na mtazamaji ataanza kuutazama mtikisiko badala ya kumsikiliza mama anayezungumza.

Cha pili ni hedifoni. Mwaka wangu wa kwanza nilimrekodi mzee mmoja wa Igogo kwa dakika 11, anasimulia alivyohamia kwenye kilima kile kukiwa bado na mapori. Hedifoni ilikuwa ndani ya begi. Kebo ya maiki ilikuwa imelegea. Nilirudi na picha nzuri sana isiyo na sauti. Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi, na mzee kwa wema wake akasimulia tena. Alikuwa ametulia, amepangilia, anakumbuka alichosema jana. Ule mtetemo wa sauti alipotaja jina la marehemu mkewe haukurudi. Tangu siku hiyo hedifoni inakaa shingoni mwangu kuanzia natoka nyumbani.

Mbona unarekodi kitu kimoja muda mrefu wakati habari yenyewe ni fupi?

Kila picha naishika angalau sekunde 10 bila kuisogeza. Mhariri wa picha atatumia tatu au nne, ila anahitaji nafasi mbele na nyuma ya kukatia. Pia nangojea kitu kitokee ndani ya picha: mtoto apite, mtu ageuke, mlango ufungwe. Wanaoanza kazi huizungusha kamera kulia na kushoto kama wanamwagilia bustani, na wakifika ofisini hawana hata picha moja inayotumika.

Kwa nini sura za watu hutoka giza kwenye habari?

Swali hili naulizwa na akina mama hasa, na wana haki ya kuuliza. Kosa ni la mpigapicha.

Kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe, inatazama wastani wa kila kilichomo. Msimamishe mtu mwenye ngozi nyeusi, ziwa linang'aa nyuma yake, au ukuta mweupe wa ofisi ya serikali: kamera inaona mwanga umezidi, inaufunga, na uso unapotea. Unabaki na meno na kola ya shati. Nimeona mahojiano ya viongozi, wakulima, wafiwa, yameharibiwa hivi, na aliyepiga hakuona tatizo kwa sababu ziwa lilitoka zuri.

Dawa yake ipo na haigharimu fedha. Mgeuze mtu asimame penye mandhari yenye giza kidogo kuliko uso wake, au msogeze chini ya mwembe. Zima upimaji wa kamera, fungua mwanga kwa mkono wako mpaka uone ngozi ina uhai, uone paji la uso na mashavu vimetofautiana. Mawingu yaliyo nyuma yakiungua kwa mwanga yakawa meupe tupu, yaungue. Hakuna aliyewasha televisheni kutazama mawingu. Kati ya saa 6 na saa 8 mchana jua letu linakaa utosini na macho yanageuka mashimo, kwa hiyo mahojiano ya wakati huo yafanyike kivulini. Rangi nazo zipimwe upya kwa karatasi nyeupe kila unapotoka juani na kuingia kwenye taa za ndani, la sivyo mtu atakuwa wa bluu au wa machungwa. Ukiwa ndani, weka kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na kasi nyingine zinaweza kufanya taa ziwe zinapepesa.

Watu wetu wakitoka giza kila siku wakati picha za miti na majengo zinang'aa, tunakuwa tumesema kitu kuwahusu bila kufungua mdomo. Hili ninalibeba moyoni kuliko jambo lolote lingine la ufundi.

Kati ya ripota na mpigapicha, nani mkubwa?

Hakuna mkubwa. Ila watu humsalimia ripota kwa jina na mimi wananiita "mwenye kamera". Nimezoea, lakini mwanafunzi wa uandishi asikubali kujiona ni mbebaji wa mashine. Ripota akikosea sentensi ataiandika upya saa 10 jioni. Mimi nikikosa picha ya lori linaondoka, lori limeondoka. Uamuzi wangu unafanyika pale pale, na ni uamuzi wa kihabari: nisimame wapi, nimwonyeshe nani, nianze lini, niache lini.

Ripota mzuri hunong'ona sikioni mwangu atakachoandika, na mimi namwambia nilichokipata. Skripti ikitaja ng'ombe waliokufa na mimi sina picha ya ng'ombe, tumeshindwa wote wawili.

Nikikuomba usinirekodi, utaacha?

Kama wewe ni mwananchi wa kawaida, nitaacha, na kama nimesharekodi nitamwambia mhariri. Kiongozi anayetekeleza kazi ya umma mahali pa umma ni jambo jingine; huyo anaweza kufunika lenzi kwa mkono na ule mkono ukawa ndiyo picha.

Watoto tuna masharti yao. Mtoto aliyefanyiwa ukatili, au aliye kwenye kesi, haonyeshwi sura, wala sare ya shule, wala mlango wa nyumba ambao jirani atautambua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, lakini hata isingekuwapo. Napiga miguu, kivuli, mikono ikichezea kifuniko cha chupa. Kuziba uso wakati wa kuhariri nakuona ni njia ya mwisho, kwa sababu kompyuta ikikosea fremu chache tu, jina la mtoto litakuwa mtaa mzima.

Mahakamani mnaingia?

Tunaruhusiwa kusikiliza, kurekodi kwa kamera wakati shauri linaendelea hapana, isipokuwa mahakama itoe ruhusa. Ndiyo maana habari nyingi za mahakama zina picha moja: mshtakiwa anashuka kwenye karandinga au anapandishwa. Sekunde zenyewe ni chache, kwa hiyo nafika mapema, nauliza mlango utakaotumika, na nasimama mahali ambapo askari hatanisukuma. Kumbuka pia kwamba huyo anayeshuka na pingu bado hajahukumiwa. Simsogelei usoni kama vile nimeshatoa hukumu.

Kwenye ajali na misiba unafanya nini? Huoni vibaya?

Naona vibaya. Anayesema amezoea kabisa simuelewi.

Mwanza ni mji wa ziwa, na ziwa linatupa chakula na linachukua watu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikija hapa, na makaburi ya Igoma yapo, tunakwenda na kamera kumbukumbu ikifanyika. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na watu zaidi ya 200 wakafa. Siku mbili baada ya hapo, wakati wengi wameshakata tamaa, fundi mmoja wa kivuko akaopolewa akiwa hai. Huwa nawakumbusha vijana habari hiyo ninapowaambia wasifunge vifaa mapema.

Maiti sizipigi kwa karibu. Napiga waokoaji, kamba, boti zikirudi, viatu vilivyopangwa ufukweni, watu wakitazama maji kwa kutokea nyuma yao. Mgongo wa mtu aliyefiwa unasema vya kutosha. Mambo yote yanayotakiwa na mtazamaji yanaweza kuelezwa bila kumwonyesha mtu mwili wa nduguye kabla hajapigiwa simu na familia.

Nilijifunza hili ufukweni, miaka ya mwanzo. Mtoto alikuwa amezama, wavuvi wamemtoa. Nilikuwa karibu mno, jicho kwenye kioo cha kamera, nahesabu sekunde. Mama yake akanigeukia na kusema kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, weka hicho chini unisaidie kumfunika." Akaniita baba, mimi ambaye ningeweza kuwa mwanawe. Niliweka kamera mchangani na tukamfunika kwa kanga yake. Ofisini niliulizwa picha ziko wapi, nikasema nimepiga za wavuvi na mtumbwi, na hizo ndizo zilizotumika. Mchanga ulioingia kwenye pete ya lenzi ya kukuzia picha ulikaa miezi; kila nikiizungusha ilikuwa inasaga.

Kwa vijana: nendeni nyumbani mkamsimulie mtu. Usibaki nayo peke yako. Wenzetu kwenye klabu za waandishi za mikoa tunazungumza, na inasaidia.

Kazi hii ni ya hatari?

Kuna siku ni ya hatari. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, ambaye alikuwa pia mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa akiwa kazini katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, kwenye vurugu za polisi na wafuasi wa chama cha siasa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Wenzangu wa rika langu tunaikumbuka tarehe hiyo.

Ninachokifanya kwenye mikusanyiko ni hiki. Nafika mapema na kumtafuta kamanda aliye pale, namsalimia, namwonyesha kitambulisho. Navaa kizibao kinachosomeka kwa mbali. Nasimama ubavuni, kamwe sisimami katikati ya polisi na watu. Kabla sijawasha kamera nimeshajua nitatokea njia gani. Na ripota wangu ananishika mkanda kwa nyuma, kwa kuwa jicho likiwa kwenye kamera huoni jiwe linalotoka kushoto.

Bahasha je?

Nitalijibu wazi. Waandaaji wengi wa hafla hutoa fedha mwishoni na kuziita nauli. Mpigapicha ambaye hajalipwa miezi miwili, aliyekuja kwa miguu, anazipokea, na siwezi kusimama juu ya kichuguu nikamhukumu. Lakini nimeona zinachofanya. Anayetoa bahasha anapiga simu saa 11 jioni kuuliza habari yake itatoka ya ngapi. Aliyekumbwa na mafuriko Mabatini hana bahasha, na asubuhi inayofuata timu inajikuta inakwenda hotelini tena.

Mimi sipokei, na nasema hivyo kwa adabu ili nisimvunjie mtu heshima. Nauli ya timu ni jukumu la chombo cha habari, na mwenye chombo asiyeilipa ameshaamua nani atasikika.

Mnalipwa vizuri?

Walioajiriwa wana mshahara wa kawaida. Wengi wa mikoani ni wa kujitegemea na hulipwa kwa kila habari iliyorushwa, hivyo ukirekodi siku nzima na habari ikaachwa, umetumia nauli yako bure. Wengi wetu Jumamosi tunapiga harusi na send-ofu. Hakuna aibu hapo. Harusi inakufundisha kuwa tayari, maana pete haivishwi mara mbili.

Mwanamke anaweza?

Anaweza, na wapo. Kwenye nyumba za wafiwa, wodi za wazazi, vikundi vya akina mama, mpigapicha mwanamke anapokelewa ndani huku mimi nimeachwa kibarazani. Shida ninazozisikia kwa dada zetu ni kupangiwa semina tu na kunyimwa kazi za usiku, na hizo zinatatuliwa na mhariri kwenye kikao cha asubuhi, dakika moja inatosha.

Siku hizi kila mtu ana simu. Bado mnahitajika?

Simu imekuja na nimeifurahia. Ajali ikitokea Buhongwa saa 4 usiku, aliye pale ndiye anayerekodi, siyo mimi niliye nyumbani. Mara nyingi tunaomba video hiyo, tunauliza nani ameipiga, lini, wapi, na tunatafuta kitu ndani yake kinachothibitisha: kibao cha duka, kilima, hali ya hewa. Video za ajali ya nchi nyingine zimeshasambazwa hapa zikiitwa za Mwanza. Kazi yetu imeongezeka hapo.

Simu imebadilisha pia namna ya kutuma. Saa moja ya picha za kamera yangu, kwa kiwango cha megabiti 50 kwa sekunde, ni zaidi ya gigabaiti 22. Huwezi kuituma kwa bando kutoka kisiwani Ukerewe. Basi nakata habari huko huko kwenye kompyuta mpakato, naibana, na dakika moja na nusu inakuwa megabaiti 90 hivi. Hiyo inapita, hata kama ni kwa kupanda kwenye jiwe kutafuta mtandao.

Droni?

Unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 kila mtu alitaka picha ya juu, na ni kweli kilomita 3 za daraja huwezi kuzionyesha ukiwa umesimama chini. Ila nilizozipenda mimi zilipigwa chini, za abiria waliozoea kusubiri kivuko wakivuka na kugeuka kutazama maji.

Picha za habari zimewahi kubadilisha jambo lolote?

Mtazameni mpigapicha wa habari Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanzia kazi. Oktoba 1984 aliingia Korem, Ethiopia, na kamera yake, na picha zake za njaa zilipoonyeshwa na BBC tarehe 23 mwezi huo, dunia iliyokuwa haijali ikaanza kutuma chakula na fedha. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto Addis Ababa ghala la silaha lilipolipuka, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996 kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini Comoro.

Picha zile za Korem ukizitazama leo utaona kamera imetulia. Haikimbii. Inawapa watu wale muda wa kuonekana, mmoja mmoja, kukiwa kunapambazuka.

Nataka kuanza. Nifanyeje?

Soma kwanza. Hapa Mwanza Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kinafundisha uandishi wa habari, na vipo vyuo vingine. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, yaani kutambuliwa rasmi, kwa hiyo kusoma huwezi kukukwepa.

Zoezi la kuanzia nawapa hili, na simu inatosha. Nenda kwa mama lishe alfajiri, umwombe ruhusa, umrekodi anavyopika chapati kwa picha tano: mikono inasukuma, uso wake, anachokitazama, yeye na kibanda kizima, na ya tano uitafute mwenyewe mahali ambapo mtu mwingine asingesimama. Kila moja sekunde 10, usitembeze simu. Kisha ziunganishe bila maneno umwonyeshe mtu ambaye hakuwepo. Akielewa nani anafanya nini, wapi na kwa namna gani, rudi kesho ufanye tena kwa fundi baiskeli. Fanya hivyo mwezi mzima ndipo uje ofisini kuomba nafasi. Na ulipe chapati.

Naweza kupata nakala ya picha mliyonipiga?

Njoo kituoni na tarehe. Bila tarehe ni vigumu, kwa sababu diski ni nyingi na zile za zamani ni mikanda ambayo baadhi haichezi tena. Mimi kila jioni, hata nikiwa nimechoka vipi, naandika kwenye daftari: siku, mtaa, nani amezungumza, kadi namba ngapi.

Mwaka juzi alikuja kijana kutoka Kirumba. Baba yake, mvuvi, alikuwa amefariki, na mtu alimwambia aliwahi kumwona kwenye taarifa ya habari akizungumzia bei ya dagaa. Hakujua mwaka. Tulifungua daftari kuanzia nyuma, ukurasa kwa ukurasa, mpaka tukakuta "mwaloni, mvuvi mzee, kofia ya bluu". Picha yenyewe ilikuwa na sekunde 14. Aliitazama, akaniomba nirudishe, kisha akaniomba nizime picha aisikilize sauti tu. Tulimwekea kwenye flashi, akaifunga ndani ya leso na kuitia mfuko wa shati.

Daftari lile sasa ni la sita.